Mafundo Upande wa Jirani

Nianze na hasira zangu, maana ndizo zilizonipeleka nyumba ya pili, kwa jirani, siku ile. Nina hasira za karibu, tangu utotoni. Baba alikuwa akisema mimi nachemka kabla ya maji kutiwa birikani. Safari hii lakini zilifaa, kwa sababu bila ya hizo mama yangu angebaki na kinyongo cha bure, akiamini kwamba baada ya mumewe kufa, jirani yake naye alimtupa.

Tulihamia Al Khoudh, pembeni mwa Maskati, Omani, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa msichana wa shule. Mabasi ya chuo kikuu yalikuwa yakipita barabara kubwa yamejaa wanafunzi, lakini mtaani kwetu kulikuwa na nyumba tatu tu zilizokwisha, changarawe kila upande, na mbuzi wa kijiji cha zamani ambao hakuna aliyewaarifu kwamba hapa sasa ni mjini. Baba alijenga nyumba, akajenga ukuta wa matofali mbele, nyuma na mkono wa kushoto. Wa mkono wa kulia ukangoja.

"Kwa sasa tutaweka uwa wa makuti," alisema.

Hiyo kwa sasa yake ilidumu miaka kumi na mitatu.

Mkono wa kulia alikaa bibi mmoja mjane, aliyemzidi mama miaka kama kumi na tano. Alitutangulia pale kwa miezi michache. Naye alikuwa mtu wa Unguja kama sisi, na siku ya kwanza waliyoonana, yeye na mama walisimama juani juu ya changarawe wakiulizana mitaa na jamaa mpaka mimi nikaingia ndani kunywa maji mara mbili, nikatoka, nikawakuta bado wako kwa mashangazi. Sote tulimwita Bi Mkubwa. Alikuwa na mwana mmoja tu, aliyefanya kazi jangwani kwenye visima vya mafuta, wiki mbili yuko, wiki mbili hayupo. Kwa hiyo nyumba ile mara nyingi ilikuwa ya Bi Mkubwa, mtumishi wake, na mche wa mzambarau alioupanda kabla hata hajatundika mapazia. Vigingi vya kuonyesha mipaka vilikuwa vimeshang'olewa zamani na malori ya mchanga. Alipanda pale alipoona pazuri.

Uwa aliufunga baba mwenyewe. Siku za kazi alikuwa karani wizarani, mtu wa kanzu nyeupe na kalamu mbili mfukoni, lakini alilelewa na bibi yake shamba, Unguja, na huko ndiko alikojifunza kufunga nyuwa za makuti. Hapa alitumia makuti ya mitende, fito, na nguzo za mabomba ya maji yaliyobaki kwenye ujenzi. Alinifundisha sheria ya kazi ile, na aliishika kama wengine wanavyoshika sheria za barabarani. Uwa una uso na una mgongo. Uso laini unampa jirani. Mgongo, wenye fito na mafundo ya kamba, unabaki nao mwenyewe. Kwa hiyo ukitaka kujua uwa ni wa nani, huna haja ya kuuliza mtu. Tazama mafundo yako upande gani. Mwenye mafundo ndiye mwenye uwa, na ukilegea, kazi ni yake.

Basi mafundo ya uwa ule yalikuwa upande wa Bi Mkubwa, na sisi tulipewa uso laini. Mama alipouliza, baba alimjibu kwamba bibi wa watu hana mwanamume nyumbani, mwanawe yuko jangwani, kwa hivyo amemsaidia kumfungia uwa wake. Mama akampongeza kwa wema. Yeye naye alikuwa mtu wa Unguja, alikuwa anajua kusoma mafundo, na mafundo yalisema vilevile.

Siku hizo mama alikuwa na ndoto moja, nayo ilikuwa jiko la nje. Samaki wa kukaanga alikuwa akinuka nyumba nzima, mpaka kwenye mapazia, mpaka kwenye madaftari yangu ya shule. Alitaka kijumba kidogo tu kando ya uwa ule, chenye kibati na meko mawili. Baba akatoka, akapima kwa hatua, akarudi akitikisa kichwa.

"Nafasi haitoshi, mke wangu. Tungekuwa na hatua mbili zaidi, sawa."

Mama aliomba jiko hilo kila mwaka, na kila mwaka baba alikwenda kupima tena kwa uso wa mtu mwaminifu, na hatua mbili zikakosekana palepale. Mimi niliyekuja kuwa mwalimu wa hesabu sikuwahi kushuku kitu. Kiwanja hakikui, nilidhani, na baba yangu hadanganyi.

Kila baridi ilipoingia, baba aliuchukua mzigo wa kamba akazunguka kwa njia ya barabarani kwenda upande wa Bi Mkubwa kukaza mafundo. Kazi ya saa moja ilimchukua asubuhi nzima. Tulikuwa tukiisikia sauti yake na ya Bi Mkubwa aliyeketi mkekani na birika la chai, na kila mara mama alipaza sauti kutoka upande wetu.

"Leo umehamia huko?"

"Nakuja, mke wangu, fundo moja tu!"

Akirudi, ndevu zake zilikuwa na chembe za kashata. Mama alimgombeza na kumpangusa kwa wakati mmoja. Mzambarau ulipoanza kuzaa mambo yalizidi, maana matawi yake yalivuka uwa yakasimama juu ya kamba yetu ya nguo, na kila mwezi wa Juni kanzu nyeupe za baba zilipata madoa ya zambarau. Mama alisugua, akaanika, akasugua tena, akisema mti wa watu unamtia kazi. Baba alizivaa zile zenye madoa na kwenda nazo sokoni bila ya neno. Na Bi Mkubwa, kila msimu, alikuwa akileta beseni limejaa zambarau mpaka ukingoni. Hakusema nimewaletea zawadi. Alisema, "Fungu lenu hilo." Mama hakuwahi kulirudisha beseni tupu. Lilirudi na mkate wa kumimina, au visheti, au biriani ya Ijumaa.

Baba alifariki wakati wa joto, bila ya kuugua sana. Bi Mkubwa alikuja siku ileile, na katika eda nzima ya mama, miezi minne na siku kumi, hakukosa hata siku moja. Alikuwa akija baada ya alasiri na tasbihi yake, wakikaa. Sijui walisemezana nini. Nilikuwa nikitoka kufundisha, nikipika, nikiwasikia wamenyamaza kwa pamoja, na nilimpenda yule bibi kwa kunyamaza kwake.

Baridi ikaja, hakuna aliyekwenda kukaza mafundo. Ikaja baridi ya pili. Aprili iliyofuata ikanyesha mvua moja yenye upepo, wadi, ule mto mkavu, ikajaa maji, na asubuhi tukakuta uwa wote umelala chini upande wetu, umelalia mrehani wa mama na ndoo zake mbili.

Mama hakushtuka. "Watauinua," alisema. "Uwa wao."

Wiki ikapita, ukapita mwezi. Mama alikuwa akimwagilia bustani yake mwenyewe akiwa amejitanda mtandio, kwa sababu mwana wa jirani akiwapo anaona mpaka mlango wetu wa jikoni. Mbuzi waliingia wakala mchicha. Bi Mkubwa naye akapunguza kuja. Akija, anapitia barabarani kwa mzunguko, kana kwamba ule uwa uliolala bado umesimama, na anakaa ukingoni mwa kiti. Hakuna aliyeutaja. Makuti yalikuwa yamelala mbele ya macho yao wote wawili, na wao walizungumza bei ya ndimu.

Siku moja mama alinitolea moyo wake. Alikuwa anakunja leso.

"Mlangoni kwangu kulikuwa na mwanamume, tukathaminiwa," alisema. "Sasa hayupo, hata uwa hatuinuliwi. Mwenyewe baba yako kaufunga miaka yote kwa mikono yake, bila ya kuombwa. Mimi siutaki uwa, mwanangu. Nnaumia tu."

Juni zambarau zikaiva. Beseni lilikuja, lakini safari hii lililetwa na mtumishi. Mama alizimimina zambarau kwenye sahani, akaliosha beseni, akaliweka juu ya friji. Likakaa hapo siku ya kwanza, na wiki, na wiki tatu. Mkate wa kumimina ulipikwa tukaula wenyewe. Kila nilipofungua friji nililiona lile beseni tupu, na nilijua maana yake. Urafiki wa miaka kumi na mitatu ulikuwa unaishia pale, juu ya friji, na mimi sikuweza kuuvumilia.

Basi nikamvizia mwana wa jirani anaposhuka garini.

"Kaka," nikamwambia, "uwa wenu mtauinua lini?"

Masikini, alitahayari. "Dada yangu, mimi ningejenga ukuta kesho, khalas, yaishe, tupumzike. Lakini mama kanikataza. Kasema nisitie mkono hata kwenye fito moja."

"Kakataza?"

"Kakataza kabisa. Nikimuuliza sababu, ananiambia nyamaza."

Hapo ndipo nilipochemka. Nilirudi ndani nikafungua sanduku la bati la baba, nikapekua mpaka nikaipata krooki, ile karatasi ya serikali yenye ramani ya kiwanja na vipimo vyake. Kesho yake niliomba ruhusa shuleni nikaipeleka baladia, ofisi ya manispaa. Karani aliitazama, akanionyesha mstari kwa ncha ya kalamu. Mpaka wenu huu, akasema, mita ishirini kutoka ukuta wa kushoto. Kuhusu uwa wa katikati, nani aujenge na nani aufunge, hiyo si kazi yetu, nendeni mkaelewane majirani. Nilimjibu kwamba tungekuwa tunaelewana nisingekuja. Akacheka, akanipa karatasi yangu.

Ijumaa baada ya alasiri, joto la kupika ubongo, nilimwita mwana wa jirani na mkanda wa kupimia. Nilitaka nimwonyeshe mpaka wao mbele ya macho yake, nimwambie hapa, na uwa wenu huu, uinueni. Yeye alishika mwanzo wa mkanda kwenye ukuta wa kushoto, mimi nikatembea nao. Nikapita juu ya makuti, nikafika kwenye mashimo ya nguzo za uwa. Nikatazama namba. Haikuwa ishirini. Nikaendelea, nikalipita shina la mzambarau, na ishirini ikaangukia mbele ya mkeka wa Bi Mkubwa.

"Pima tena, dada."

Tulipima mara tatu. Mara ya tatu alipima yeye. Uwa ulikuwa umesimama hatua mbili kamili ndani ya kiwanja chetu, na mzambarau, shina na mizizi na zambarau zake, ulikuwa wetu.

Nililolisema pale naona haya kuliandika, lakini nililisema, kwa sauti ya darasani. "Kumbe mmetukalia kiwanjani miaka yote hii, na mti wetu mnatuletea kwa beseni, na uwa hamtaki hata kuuinua!"

Mwana wa jirani alisimama na mkanda mkononi. Aliyejibu alikuwa Bi Mkubwa. Alikuwa ametoka mlango wa jikoni, kajifunga leso mbili, bila ya viatu, na mchanga ule ulikuwa wa moto.

"Usimgombeze huyo, hajui kitu," alisema. "Mie ndo nnajua. Kamwite mama yako."

Hakukuwa na haja. Kwa sauti yangu ile, mama alikuwa ameshafika.

Bi Mkubwa hakungoja akae. Alisema kwamba miaka mitatu minne baada ya sisi kuhamia, mwanawe alitaka kuongeza chumba, akaja mpimaji, na mpimaji akamwonyesha yeye peke yake, mwana akiwa jangwani, kwamba mzambarau uko kwa jirani. Usiku hakulala. Baridi ilipofika, baba akaja na kamba zake, yeye akamwambia.

"Nkamwambia, baba, mti wangu uko kwako, na uwa huu si wangu. Ntaukata. Akacheka. Kaniambia, Bi Mkubwa, mie nlijua siku ya kwanza. Nlikuona umeshaupanda, unaumwagia maji ya ndoo, tanki lako bado halijaungwa. Nije nikwambie ng'oa? Nkauleta uwa ndani, nkakupa mafundo, usijione mgeni kwako."

Mimi nilitazama chini.

"Nkamuuliza, na mkeo? Akaniapisha. Kasema, mke wangu usimwambie, anataka jiko, atanitoa roho."

"Mbona hukuuinua?" mama aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Miezi miwili, Bi Mkubwa."

"Ntauinua vipi, mwanangu? Uwa wako. Nikiuinua palepale, mie nnajitwalia ardhi ya marehemu, naye hayupo wa kusema nlimpa. Nikiuinua mahali pengine, nshavunja kiapo. Nkamkataza na huyu asiuguse. Nkawa nangoja useme wewe, na wewe husemi. Nkaona labda umeshajua, umekasirika. Nkaona haya kuja na beseni."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Mmoja anangoja kuinuliwa uwa kwa sababu mafundo yanasema si wake, mwingine anaogopa kuugusa kwa sababu anajua mafundo yanadanganya. Wote wawili wana adabu nyingi mno, hakuna wa kuuliza. Ningekuwa na adabu kama zao, mpaka leo makuti yangekuwa chini.

Mama aligeuka akautazama mzambarau, kisha mashimo ya nguzo, kisha mzambarau tena. Niliona midomo yake inahesabu.

"Hatua mbili," alisema. Kisha kwa sauti ya kumwita mtu aliye mbali, "Hatua mbili! Miaka kumi na mitatu nakaanga samaki ndani ya nyumba! Kila mwaka anatoka kwenda kupima! Anapima nini?"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akamshika Bi Mkubwa bega, na Bi Mkubwa akacheka kwa hofu kwanza, halafu kwa kweli. Kisha mama akalia. Alikuwa hajalia hivyo tangu eda, na sijui kama hata katika eda alilia hivyo. Nilitaka kumwendea, nikamwona Bi Mkubwa ameshamvuta kwenye mkeka chini ya mti, nikabaki nilipo.

Mwana wa jirani alikuwa mtu wa haki. Alisema atajenga ukuta kwenye mpaka wa krooki, kwa gharama yake, mti uingie kwetu, na khalati, yaani mama, apate jiko lake la nje. Mama alipangusa macho kwa ncha ya mtandio.

"Nani kakwambia nataka jiko?" alisema. "Uwa utasimama palepale alipoufunga. Mafundo tu ndo yatageuka. Yataelekea kwangu. Niyaone kila siku, nijue kazi yangu."

Nikamkumbusha taratibu kwamba samaki bado ananuka. Akaniambia ninyamaze, nimeshasema ya kutosha leo. Jioni hiyohiyo aliwasha oveni, na mkate wa kumimina ukavuka pale uwa ulipolala, ndani ya lile beseni, ukiwa bado wa moto.

Jumapili alfajiri, kabla ya jua kukaza, tulianza kufunga. Niliwahi kumwona baba akiifanya kazi ile peke yake, lakini kwa kweli inataka watu wawili, mmoja kila upande. Wa huku anaingiza kamba, wa kule anaipokea, anaizungusha kwenye fito na kuirudisha, kisha wa huku anavuta na kupiga fundo. Baba alikuwa akiifunga akiwa upande wa Bi Mkubwa, kwa hiyo wa kurudisha kamba upande wetu angepaswa kuwa mmoja wetu, na hakuwahi kutuita. Alitumia sindano ya mti iliyopinda, akahangaika nayo. Hapo nikadhani nimejua kwa nini asubuhi nzima ilimwishia huko. Mimi na mwana wa jirani tulisimamisha nguzo na kubeba makuti. Kamba tulinyang'anywa. Mama alikaa kwenye kigoda upande wetu, Bi Mkubwa kwenye mkeka upande wake, na uwa ukapanda kati yao mpaka hawakuonana tena, zikabaki sauti.

"Nakupa."

"Nshaishika. Vuta."

"Nimevuta."

Walikwenda hivyo karibu nusu ya uwa. Halafu mama akasita, fundo halijakazwa.

"Bi Mkubwa. Alipokuwa akija huko, asubuhi nzima ile. Alikuwa akisema nini?"

Kamba ikalegea upande wa pili.

"Alikuwa akikusema wewe," alijibu Bi Mkubwa. "Hana jingine. Jiko lako, maneno yako, mkono wako wa chumvi. Mpaka unamwita."

Mama alikuwa ameishika kamba kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nyuma yake na kuti mkononi, sikuthubutu kulitua.

"Umeishika?" aliuliza Bi Mkubwa.

"Nimeishika," mama alisema, akavuta, akapiga fundo upande wetu.